Dashibodi ya hewa: shajara ya mradi wa geji za ndege ndogo

Mradi huu unafanyika katika karakana ya chuo kidogo cha ufundi kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Shabaha yake ni kutengeneza dashibodi ya mafunzo ambayo geji zake zitafanya kazi kwa hewa halisi zikiwa zimefungwa mezani, ili mwanafunzi ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya ndege aone kwa macho yake jinsi hewa inavyogeuzwa kuwa namba. Geji zenyewe zimetoka katika ndege ndogo ya injini moja iliyokwisha kustaafishwa. Zilitufikia ndani ya katoni la sabuni, zimefungwa kwa magazeti, pamoja na mrija wa Pitot (ule unaopokea hewa ya mbele ya ndege) na vipande vya mipira vilivyokakamaa kama mihogo iliyoanikwa juani.

Tuko watano: wanafunzi watatu, mmoja kutoka Arua, mmoja Busia na mmoja Kasese, mimi mwalimu wao, na fundi mstaafu wa ndege, mzaliwa wa Teso, ambaye sote twamwita Mzee. Shajara inaandikwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo sote watano twaweza kubishania ndani yake bila mmoja kujiona mgeni, na mradi huu una mabishano mengi kuliko bisibisi.

Wiki ya kwanza: geji hupumua kupitia wapi?

Tulizipanga geji mezani kwa mpangilio ambao marubani wameuzoea: safu ya juu geji ya mwendo, upeo bandia (unaoonyesha kama ndege imelala ubavu au imeinua pua) na altimita, yaani geji ya mwinuko, safu ya chini geji ya kugeuka, geji ya mwelekeo na geji ya kupanda na kushuka. Ile ya kugeuka huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo tuliiweka kando, zikabaki tano za hewa.

Wanafunzi walianza kusoma nyuso. Mzee, ambaye alijifunza kazi yake Soroti, katika shule ya urubani iliyoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, alizipindua zote kifudifudi bila kusema neno, kisha akasema: "Kabla hujauliza geji inasoma nini, uliza inapumua kupitia wapi." Altimita ina tundu moja tu nyuma. Geji ya kupanda na kushuka nayo ina moja. Geji ya mwendo ina mawili. Upeo bandia na geji ya mwelekeo zina matundu ya kuingizia hewa na ya kuitolea. Kutokana na matundu hayo tulizigawa geji katika familia mbili.

Familia ya kwanza haitumii hewa kama nguvu ya kuzungusha kitu, bali huipima mgandamizo wake. Inalishwa na njia mbili: mrija unaotazama mbele, ambao hewa huugonga na kusimama ndani yake kadiri ndege inavyokwenda, na kitundu kilicholala bapa ubavuni mwa ndege, ambacho kinapokea mgandamizo wa hewa tulivu bila kuguswa na mwendo. Mrija huo una jina la Henri Pitot, mhandisi Mfaransa aliyepima nao kasi ya maji ya mto Seine mwaka 1732, wakati hakuna mtu aliyewaza kuufunga kwenye bawa. Familia ya pili ni ya jairo, yaani ile pia ya kuzungusha ambayo watoto huichezea, isipokuwa imetengenezwa kwa chuma na imefungiwa ndani ya kasha. Hiyo huhitaji hewa ipite kwa wingi na bila kukatika, na katika ndege kazi hiyo hufanywa na pampu inayofyonza hewa kutoka kwenye makasha.

Wiki ya pili: leveli ya mwashi

Tulianza na geji ya mwendo kwa sababu ndiyo rahisi kuhoji. Ndani yake mna kapsuli ya bati jembamba, mfano wa visahani viwili vilivyounganishwa kingo. Hewa ya mrija wa Pitot huingia ndani ya kapsuli, hewa tulivu huizunguka kwa nje, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoivimbisha kapsuli na kusukuma mshale kupitia vigurudumu vya meno vidogo kama vya saa ya mkononi.

Kwa kuwa tofauti hiyo ni ndogo, haihitaji kifaa cha gharama kuipima. Tulinunua mpira ule mwangavu ambao waashi hupimia leveli ya msingi, tukaupinda uwe kama herufi U ubaoni, tukatia maji yenye tone la wino, na kuweka rula ya milimita katikati. Presha tuliitengeneza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa ncha moja: ukikiviringisha taratibu kama mkeka, hewa iliyomo hukandamizwa kidogo kidogo, na kidole huhisi mapema kuliko jicho. Mzee alikataza katakata kupuliza kwa mdomo. Pumzi ya mtu mzima inaweza kuizidi kapsuli mara kadhaa, na juu ya hayo huingiza unyevu.

Hesabu inasema kwamba mwendo wa noti 60 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852) hutoa tofauti ya takriban milimita 60 za maji, noti 80 hutoa 106, noti 100 hutoa 166, na noti 120 hutoa 240. Mwendo ukiongezeka maradufu, maji hupanda mara nne, na ndiyo sababu alama za chini za geji hii zimesongamana na hazitegemewi sana: noti 40 ni milimita 27 tu.

Jaribio la kwanza lilitufedhehesha. Mshale ulisimama kwenye 100 wakati rula ilionyesha milimita 83, na papo hapo geji ikahukumiwa kuwa mbovu. Mwanafunzi wa Busia alikuwa ameshachukua bisibisi kuifungua alipoulizwa amepima wapi. Alikuwa amepima jinsi maji yalivyopanda upande mmoja kutoka sifuri, akasahau kwamba upande wa pili yameshuka kwa kiasi kile kile. Ukijumlisha pande mbili unapata 166, na geji ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo.

Kosa la pili lilikuwa la kweli, ila nalo halikuwa la geji. Tyubu ikishikiliwa pale pale, mshale ulishuka kutoka 100 hadi 80 ndani ya nusu dakika, na maji yakashuka pamoja nao. Povu la sabuni lilipopakwa kwenye viungio, kiputo kimoja kilivimba shingoni mwa kiungio cha shaba, mahali ambapo mpira wa zamani ulikuwa umepasuka ufa usioonekana mpaka uukunje. Tulikata sentimita mbili, tukaurudishia, mshale ukatulia.

Wanafunzi waliuliza kwa nini hatukurekebisha chochote kwa ajili ya mwinuko wetu. Jibu ni kwamba geji hii haijui mwinuko. Imekatiwa namba zake kwa uzito wa hewa ya usawa wa bahari. Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 juu ya bahari, na mchana wa nyuzi 27 za joto hewa yake huwa nyepesi kama ile ya futi zipatazo 6,000 katika hali sanifu. Geji ikisema noti 60, ndege inakata hewa kwa karibu noti 66. Bawa nalo huhisi msukumo ule ule unaohisiwa na geji, kwa hiyo rubani hufuata namba anazoziona. Ni matairi na urefu wa njia ya kurukia ndivyo vinavyolipa zile noti sita.

Wiki ya tatu

Mipira yote ya zamani imetupwa. Mipya imepatikana mjini Kampala kwa wauza vipuri vya magari, baada ya siku mbili za kuambiwa "rudi kesho".

Wiki ya nne: altimita inayopanda mlima ikiwa mezani

Altimita ina kapsuli zilizozibwa kabisa baada ya kutolewa hewa, kifaa ambacho asili yake ni barometa isiyo na zebaki ya Mfaransa Lucien Vidie, ya mwaka 1844. Hewa tulivu inayojaa kasha huzibana kapsuli hizo; ndege ikipanda, hewa hupungua, kapsuli hutanuka, na mishale huzunguka. Kwa mwinuko wetu hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ni sawa na futi 30 hivi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiwekea mgandamizo wa siku kwenye kidirisha chake. Mwanafunzi wa Arua alisoma 885 kwenye simu yake yenye barometa, akazungusha kitufe mpaka kikagoma, akatangaza kwamba kimekwama. Hakikukwama. Kidirisha hicho hakikutengenezwa kufika huko, kwa sababu namba ambayo rubani hupewa na mnara wa kuongozea ndege, ile iitwayo QNH, ni mgandamizo uliokwisha kupigiwa hesabu kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari. Simu ilikuwa inasema mgandamizo wa hapa tulipo. Mnara husema mgandamizo wa bahari ambayo haipo. Ukiweka QNH, altimita ya ndege iliyoegeshwa Entebbe husoma futi 3,782 bila kuondoka chini, na hivyo ndivyo rubani anavyoihakiki kabla ya kuruka.

Kisha likaja jambo lililotupotezea siku tatu. Saa nne asubuhi altimita ilisoma 3,860. Saa kumi alasiri, bila mtu kuigusa, ilisoma 3,950. Tukashuku kasha linavuja, tukashuku kapsuli imechoka, tukaipiga kwa kidole, tukaipumzisha usiku kucha. Asubuhi ilirudi 3,860 na jioni ikapanda tena. Mzee alituacha tuhangaike mpaka siku ya tatu ndipo alipotuambia tuiangalie na barometa ya simu saa zile zile. Simu nayo ilikuwa inashuka kwa hektopaskali tatu.

Hewa ya ukanda wa ikweta hupwa na kujaa mara mbili kwa siku kama bahari, kwa sababu ya jua kuipasha joto anga ya juu: hujaa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hupwa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri. Kwenye nchi za latitudo za juu mawimbi hayo ni madogo na dhoruba huyafunika, lakini hapa kwetu huonekana waziwazi siku baada ya siku. Altimita iliyotuonyesha futi 90 za uongo ilikuwa inafanya kazi kwa usahihi ambao sisi hatukuutarajia. Nadhani hii ndiyo wiki iliyowabadilisha wanafunzi. Tangu hapo hakuna aliyeanza sentensi kwa kusema "geji imekufa".

Wiki ya tano: bomba la sindano

Kanuni za Marekani, ambazo mafundi wengi wa ndege ndogo hurejelea hata nje ya nchi hiyo, zinataka njia ya hewa tulivu ya ndege isiyojazwa hewa ya presha, ikiwa inaruka kwa kutegemea geji badala ya macho, ipimwe kila baada ya miezi 24: nyonya hewa mpaka altimita ipande futi 1,000, ziba, na katika dakika moja isipoteze zaidi ya futi 100. Tuliamua kujipima kwa kipimo hicho hicho.

Kifaa chetu kilikuwa bomba la sindano la mililita 60, lile kubwa la hospitali, lisilo na sindano. Makasha matatu na mipira yake vina ujazo wa karibu lita moja, na kupanda futi 1,000 kutoka hapa kunahitaji kupunguza hewa kwa chini ya asilimia nne, kwa hiyo mililita 40 hivi zinatosha. Tatizo ni mkono. Ukivuta kwa pupa unaiumiza geji ya kupanda na kushuka. Hiyo ina kapsuli inayopokea hewa tulivu moja kwa moja, huku kasha lake likipokea hewa ile ile kupitia kitundu chembamba mno; kasha huchelewa, kapsuli hutangulia, na kuchelewa huko ndiko kunakoonyeshwa kama futi kwa dakika. Ukitulia, pande mbili hulingana na mshale hurudi sifuri baada ya sekunde kadhaa. Tulivuta kwa mwendo wa futi 500 kwa dakika, mwanafunzi mmoja akivuta na mwingine akisoma mshale kwa sauti.

Mkono wangu mwenyewe ulizuiwa na Mzee mara moja. Nilikuwa nimesahau kwamba geji ya mwendo nayo imeunganishwa kwenye njia hiyo. Ukinyonya upande wa hewa tulivu peke yake huku tundu la Pitot likiwa wazi, kapsuli huona tofauti kubwa, na futi 1,000 zingeupeleka mshale hadi karibu noti 140 mezani. Tuliweka kiungio cha njia tatu ili pande zote mbili zinyonywe pamoja.

Matokeo ya kwanza yalikuwa aibu: futi 340 zilipotea katika dakika moja. Sabuni haifai hapa, kwa kuwa njia inayonyonya itaivuta povu ndani mpaka kwenye geji. Tulilazimika kuziba sehemu moja moja kuanzia bomba la sindano, kama mtu anayetafuta kitobo cha paa mvua ikinyesha. Kulikuwa na viungio viwili vilivyolegea, na kioo cha altimita chenyewe kilikuwa kimekaa upande kwenye gundi yake. Baada ya kuvirekebisha tulipoteza futi 60. Tulirudia mara tatu tukapata 60, 60 na 55.

Wiki ya sita: mpangaji wa mrija wa Pitot

Mrija wa Pitot tuliuhifadhi kwenye katoni muda wote huu, tukijua kwamba haukuwa na kazi mpaka njia zikamilike. Tulipoujaribu haukupitisha hewa hata kidogo. Tulipoumulika kwa tochi tuliona udongo mwekundu umejaa hadi ukingoni, laini kama umekandikwa na mfinyanzi.

Ni nyigu. Wale wajengao kwa tope hupenda tundu lenye upana wa kalamu, na ndege iliyoegeshwa bila kifuniko kwa siku chache tu huwapatia nyumba iliyokwisha kujengwa kuta. Mzee aliutoa udongo kwa waya mwembamba uliopindwa ncha kama kulabu, akivuta nje na kamwe si kusukuma ndani, mrija ukiwa umetenganishwa na geji. Ndani ya kijumba mlikuwa na buibui saba wadogo waliokauka, chakula ambacho mama alimwekea mwanawe, na mwishoni kabisa ganda jembamba la funza. Kitundu cha kuchuruzishia maji, kilicho chini ya mrija, nacho kilikuwa kimezibwa.

Jambo hili si dogo. Februari 1996 ndege kubwa aina ya Boeing 757 ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwemo walikufa. Mrija mmoja wa Pitot ulikuwa umeziba, na nyigu ndio walioshukiwa zaidi kwa kuwa ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila vifuniko. Oktoba mwaka huo huo Boeing 757 nyingine ilianguka karibu na pwani ya Peru na kuua watu 70, kwa sababu vitundu vya hewa tulivu vilikuwa vimefunikwa kwa utepe wakati wa kuosha ndege na utepe haukubanduliwa. Geji za ndege hizo zilipokea hewa ya uongo zikaitafsiri kwa uaminifu.

Huku kwetu kuna vumbi la murramu kwenye viwanja vya mikoani, na kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Kifuniko chekundu cha mrija kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na hayo yote. Tumeshona chetu kwa turubai.

Wiki ya nane: pia mbili na kompresa ya friji

Wiki ya saba ilipotea kwenye mitihani, sasa tumefika familia ya pili. Ndani ya upeo bandia na geji ya mwelekeo mna gurudumu zito lenye vikombe vidogo kwenye ukingo wake. Kasha likifyonzwa, hewa ya nje huingia kwa kasi kupitia filta na tundu jembamba, hupiga vikombe hivyo kama maji yapigavyo gurudumu la kinu, na gurudumu huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Likishafika kasi hiyo hukataa kupinduliwa, na ndege ndiyo inayozunguka kulizunguka. Septemba 1929 Jimmy Doolittle aliruka na kutua New York akiwa chini ya pazia lililomziba asione nje, akiongozwa na jairo za Sperry na altimita ya Kollsman, na dashibodi yetu ina ukoo wa moja kwa moja na ile yake.

Mfyonzo unaotakiwa ni kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Wanafunzi walileta kompresa ya friji, wakaunganisha upande wake wa kuvuta, na geji ya mfyonzo ikapanda vizuri mradi jairo zimezibwa. Tulipozifungulia, mshale wa mfyonzo ulianguka karibu na sifuri na jairo hazikuamka. Kompresa ile inaweza kuvuta ombwe kali sana, lakini silinda yake ni ya kijiko kimoja au viwili vya chai, na jairo hutaka makumi ya lita za hewa kila dakika. Huwezi kujaza pipa kwa kijiko hata kama mkono wako una nguvu.

Mashine kuukuu ya kufyonza vumbi ndiyo iliyotufaa, kwa kuwa tabia yake ni kinyume: ombwe la wastani na hewa nyingi. Mara ya kwanza tulipata inchi 3.8, tulipoziba maungio ya bomba lake pana tulipata 5.9, ndipo tukatoboa kitundu chenye vali ya springi kinachoruhusu hewa ya pembeni iingie mpaka mshale ukae 5.0. Kitundu hicho kina faida mbili: ndiyo vali ya kurekebisha, kama iliyoko kwenye ndege, na pia huipa mota hewa ya kuipoza. Katika ndege nyingi kazi hii hufanywa na pampu kavu iliyofungwa nyuma ya injini, yenye vibapa vya kaboni vinavyojipaka unga wao wenyewe badala ya oili. Ni nyepesi na safi, lakini tabia yake mbaya ni kufa ghafla bila kukohoa. Jairo haiangukii hapo hapo; hupungua kasi kwa dakika kadhaa huku upeo ukilala polepole, na rubani aliye ndani ya mawingu anaweza kuufuata ukilala. Sisi tulizima mashine tukasikiliza: mluzi ulichukua dakika saba kunyamaza.

Geji ya mwelekeo ilitupa kisa cha pekee. Jairo ya aina hii huhama kidogo kidogo kwa sababu dunia inazunguka chini yake, nyuzi 15 kwa saa zikizidishwa kwa sini (ile "sine" ya hesabu za pembe) ya latitudo. London huhama karibu nyuzi 12 kwa saa, lakini Entebbe, iliyo karibu kabisa na mstari wa ikweta, kuhama huko ni kama hakupo. Kwa hiyo yetu ingepaswa kutulia. Ilihama nyuzi nne kwa robo saa. Tulikagua mipira, filta, mfyonzo na leveli ya meza, tukitumaini kumkuta mkosaji yule yule wa siku zote, na hatukumkuta. Beringi zimelika. Hii ndiyo geji pekee iliyokuwa na hatia, na tumeibandika kibandiko kinachosema hivyo.

Wiki ya tisa

Geji ya mfyonzo inasoma 5.0 lakini upeo bandia umelala nyuzi kumi. Filta ya kuingizia hewa ilikuwa imejaa vumbi la msumeno kutoka karakana ya seremala jirani. Vali iliendelea kuilinda 5.0 yake, geji ikaisoma 5.0 hiyo, na hewa iliyopita kwenye jairo ikawa haba. Geji ya mfyonzo haikuulizwa habari za wingi. Tumebadilisha filta na kuhamishia mdomo wake juu ya kabati.

Wiki ya kumi: kuziba kwa makusudi

Dashibodi imekamilika, na jana tuliitumia kuiga hitilafu. Kwanza tuliziba kitundu cha hewa tulivu: altimita iliganda, geji ya kupanda na kushuka ikalala sifuri, na geji ya mwendo pekee ikaendelea kuitikia tyubu ya baiskeli. Tulieleza kwamba angani isingeaminika vilevile, kwa kuwa ingesoma pungufu ndege ikipanda na kuzidisha ikishuka. Ndege nyingi zina vali ya akiba inayochukua hewa ya ndani ya chumba cha rubani. Isipokuwepo, mafundi wa zamani hufundisha kuvunja kioo cha geji ya kupanda na kushuka, ambayo ndiyo rubani anaweza kuipoteza bila kujuta.

Kisha tuliviringisha tyubu mpaka noti 100, tukabana mpira wa Pitot kwa koleo ili hewa ile ibaki ndani, kama ambavyo mrija na kitundu chake cha maji vikizibwa pamoja. Mwanafunzi wa Kasese alipewa bomba la sindano aipandishe "ndege" futi 300 tu. Mshale wa mwendo ulianza kupanda pamoja na altimita, 105, 110, ukapita 120, ilhali hakuna kitu kilichoongeza mwendo. Nikamuuliza kama rubani angefanya nini. Alisema angeinua pua ili kupunguza mwendo. Alivuta bomba zaidi kuonyesha pua ikiinuka, mshale ukapanda tena, akauachilia mkono wake taratibu bila kuondoa macho kwenye kioo.

Jumatatu dashibodi inahamishiwa darasani. Kijumba cha nyigu, pamoja na buibui wake saba, Mzee amekitia kwenye chupa ya jemu na kukifunga kwa waya pembeni ya geji ya mwendo.